Kanda 60 za bendi iliyokwisha

Jumamosi, 4 Januari 2025

Leo nimefungua mkebe. Ni mkebe wa majani ya chai tuliokuwa tukitia kila shilingi ya bendi tangu 2021, hata zile mia mbili mbili za kupiga kwenye bethidei hapa mtaani Umoja, Nairobi. Nimehesabu mara mbili: 18,400. Tuko wanne, yaani 4,600 kwa kila mtu. Mpiga ngoma, ambaye sasa anafanya kazi Nakuru, anasema yuko radhi na lolote. Mpiga gitaa hashiki simu. Mwimbaji wetu kaniambia, "Fanya unavyoona, kaka, mradi zisiliwe tu."

Hazitaliwa. Zitatoa kanda.

Wazo hili nimelitoa Washington, Marekani. Mwaka 1979 vijana wanne wa huko walianzisha bendi ya panki, ile roki ya kasi na makelele, wakaiita Teen Idles: Ian MacKaye kwenye besi, Jeff Nelson kwenye ngoma, Geordie Grindle kwenye gitaa, na Nathan Strejcek akiimba. Kiangazi cha 1980 walipanda basi wakavuka nchi hadi California kwenda kupiga. Kule San Francisco, kwenye ukumbi wa Mabuhay Gardens, walichorwa X mikononi ili wasiuziwe pombe kwa kuwa umri wao haujafika, nao wakarudi nyumbani na alama hiyo. Novemba mwaka huohuo bendi ikavunjika. Walikuwa na dola 600 hivi, walizoweka ndani ya kisanduku cha sigara. Wangeweza kugawana, kila mtu 150, yakaisha. Badala yake walitoa santuri ya nyimbo nane, nakala 1,000, ya bendi ambayo haikuwepo tena. Ndiyo santuri namba moja ya Dischord, lebo yao wenyewe ya kutoa muziki, na Dischord ipo mpaka leo.

Watu wengi humkumbuka MacKaye na Nelson kwa Minor Threat, bendi waliyoiunda baadaye. Mimi nawapenda zaidi wakiwa Teen Idles. Muziki wao bado mbichi, unakimbia kama watoto waliotoka shule, na hawakungoja wawe mabingwa ndipo warekodi.

Jumamosi, 11 Januari

Santuri siziwezi, bei yake iko juu sana. Kanda za kaseti naziweza. Nimeshinda soko la mitumba la Gikomba nikipekua maboksi na nimerudi na kanda kuukuu 64, shilingi hamsini kila moja. Nyingi zilitoka kiwandani na nyimbo zake, kwa hiyo hazina vile vijino viwili vya mgongoni, na redio haikubali kurekodi. Dawa yake ni kipande cha selotepu juu ya kila tundu, kikazwe vizuri kwa ukucha.

Kabla ya kufuta, nazisikiliza zote. Moja haikuwa na muziki. Ni mama anaongea na mwanawe aliye mbali, anamweleza ng'ombe amezaa na kwamba karo ya mdogo wake imelipwa. Nyuma jogoo anawika. Hiyo nimeiweka kando na sitaigusa. Zimebaki 63.

Jumapili, 19 Januari

Leo kazi ilikuwa kuchagua nyimbo kutoka simu ya mwimbaji, na imenichosha kuliko nilivyodhani.

Rekodi za kwanza ni za stoo ya mjomba wangu, tuliyoibandika treyi za mayai ukutani tukiamini zitazuia sauti. Hazikuzuia kitu, majirani walisikia yote. Unasikia tunavyopotezana, halafu mwezi wa tatu wa 2022 ghafla ngoma na besi vinashikana. Nakumbuka siku hiyo. Mpiga ngoma alinitazama akaacha mdomo wazi, wala hatukusimama, tulirudia wimbo uleule mara tano. Agosti 2023 tulipiga kwenye ukumbi uliojaa watu tisini hivi, wakaimba maneno yetu kuhusu maji ya mtaani yanayokuja mara mbili kwa wiki. Waliyajua yote. Sijawahi kupata furaha kama ile.

Mwaka uliofuata mpiga gitaa akaanza kupigia bendi ya harusi. Alilipwa vizuri, na kwao walihitaji. Akawa anachelewa mazoezi, kisha haji kabisa. Novemba mpiga ngoma alimwambia ameuza moyo wake. Rekodi ya siku hiyo ninayo: wimbo unaisha, maneno yale yanasemwa, kisha "pa!", waya wa gitaa unachomolewa kwenye amplifaya. Hakuna anayesema. Zinapita sekunde arobaini, unasikia tu toazi likifunguliwa skrubu.

Mimi nilikuwemo ndani ya sekunde zile. Nilikuwa nakunja waya wangu, nikanyamaza. Nilijua kwamba jamaa anamlipia dada yake karo, na mpiga ngoma hakujua. Ningesema.

Nimeziweka sekunde hizo mwisho wa upande wa pili. Mwimbaji amekubali.

Jumamosi, 25 Januari

Nyimbo ni dakika kumi na mbili, pande zote mbili pamoja. Kanda sitini ni saa kumi na mbili za kurekodi, mbali na kugeuza. Nimegundua kwamba mwanzo wa kila kanda kuna kipande cheupe kisichoshika sauti, kwa hiyo kanda tatu za kwanza zilimeza pigo la kwanza la ngoma. Sasa naizungusha kwa kalamu mpaka utepe wa kahawia utokeze, ndipo nabonyeza. Kila baada ya kanda tano nasafisha hedi, kile kichuma cha redio kinachogusa utepe, kwa pamba na spiriti. Pamba inatoka nyeusi tii.

Jumapili, 2 Februari

Majalada. Vijana wa Washington walibandua jalada la santuri ya Uingereza waone lilivyokunjwa, kisha wakakata na kugundisha ya kwao kwa mikono. Nimefanya vivyo hivyo na jalada la kanda ya kwaya: uso milimita 65, ubavu 13, ulimi 16. Manila ilikuwa nene, kasha likakataa kufunga. Karatasi nyepesi kidogo imekubali, mradi mkunjo uchorwe kwanza kwa kalamu ya biki iliyokwisha wino. Ishirini na mbili tayari.

Jumamosi, 8 Februari

Kanda kumi na tano kila mtu. Za Nakuru zimepanda matatu asubuhi. Za mpiga gitaa nimezipeleka kwenye kibanda cha mama yake, maana simu bado hashiki. Mama ana redio ya kaseti pale juu ya magunia ya viazi. Akatia kanda palepale, wateja wamesimama. Kabla ya wimbo wa kwanza mwanawe anahesabu: moja, mbili, tatu, nne.

Mama akabonyeza kusimamisha. "Ni yeye huyo?"

"Ndiye, mama."

"Irudishe nyuma kidogo, mwanangu."