Siku ya Tatu ya Mgeni

Mpwa wangu mwenye umri wa miaka saba alinisimamisha katika dakika za mwanzo za filamu kwa swali ambalo sikuwa na jibu lake. Alitaka kujua kama Aunt Lucy ni shangazi wa yule dubu au ni mama yake mdogo. Nilikuwa nimejitwika kazi ya kumtafsiria yeye na bibi yake, yaani mama yangu, filamu ya Paddington 2, na nilikuwa nimekwisha kutamka "shangazi" mara tatu bila kufikiri. Kiingereza kinaridhika na neno moja, ilhali Kiswahili kinataka kwanza kujua kama ni upande wa baba au wa mama. Nikamweleza kwamba si upande wowote, kwa kuwa Lucy na mumewe Pastuzo walimwona mtoto wa dubu akichukuliwa na mto huko Peru, wakamwokoa, na siku hiyo hiyo wakaahirisha safari yao ya London ili wamlee. Mama alikata shauri bila kuinua macho kutoka kwenye mchele aliokuwa akiuchagua: "Kama amemlea, huyo ni mama yake. Haya, endelea."

Ilikuwa mara yangu ya nne kuitazama filamu hiyo, na kila mara naondoka na imani ile ile, kwamba Paddington 2 ya mwaka 2017 inaipita Paddington ya mwaka 2014, na inaipita kwa mbali. Ukizitazama kwa nje, tofauti ni ndogo. Zote mbili ziliongozwa na Paul King, dubu katika zote mbili ana sauti ya Ben Whishaw, na Hugh Bonneville na Sally Hawkins ndio wanaoendelea kuwa baba na mama wa familia ya Brown, inayoishi na dubu huyo London. Katika uandishi wa hii ya pili King aliungana na Simon Farnaby, ambaye pia huigiza yule mlinzi asiyejua kutofautisha mwanamke na mwanamume aliyejifunika gauni. Tofauti kubwa imo katika swali ambalo kila hadithi inauliza.

Sehemu ya pili ya filamu ya vichekesho kwa kawaida hupikwa katika chungu kile kile na kwa viungo vile vile, ila kuni huongezwa. Home Alone 2 ya mwaka 1992, ambayo sisi tuliokulia kwenye deki za video tuliirudia hadi mkanda ukakwaruzika, inamchukua mtoto yule yule, inampoteza tena mikononi mwa wazazi wake, inamletea wezi wale wale, na badala ya nyumba inampa jiji zima la New York. Tulicheka sana, lakini kilikuwa kicheko cha mwaka uliopita. Zipo zilizofaulu kuupita mwanzo wake, na watu hupenda kutaja Toy Story 2 ya mwaka 1999 au Addams Family Values ya mwaka 1993, nami sina ugomvi nao. Hata hivyo sijaona nyingine iliyouelewa mwanzo wake vizuri kiasi hiki, hata ikajua ni jambo gani lilikuwa limebaki bila kusemwa.

Sitaki kuidharau filamu ya kwanza, kwa maana ilibeba mzigo mzito. Michael Bond, aliyekuwa mpiga picha wa BBC, alinunua dubu wa kuchezea katika mkesha wa Krismasi wa mwaka 1956, na mwaka 1958 kitabu chake cha kwanza kuhusu Paddington kikachapishwa. Kile kikaratasi kinachoning'inia shingoni mwa dubu, kinachowaomba watu wamtunze, kilitokana na kumbukumbu ya watoto wa Kiingereza waliohamishwa kutoka mijini wakati wa Vita Kuu ya Pili wakiwa wamefungiwa vitambulisho vya namna hiyo. (Bond alikusudia dubu wake atoke Afrika, akabadilisha na kuandika Peru baada ya wakala wake kumkumbusha kwamba Afrika haina dubu. Kwa hiyo tulimkosa Paddington kwa sababu ya somo la wanyama tu, na nikizikumbuka hadithi za Afrika zilizoandikwa London katika miaka ile, sioni kama tulipata hasara.) Filamu ya kwanza ililazimika kuyaeleza hayo yote upya kwa watazamaji ambao huenda hawakuwahi kukishika kitabu: dubu ni nani, kwa nini anasema Kiingereza, kwa nini amekaa peke yake stesheni, na Bwana Brown atamkubali lini. Ina mambo mazuri, na tukio la bafu kufurika hadi mtu anateremka ngazi za nyumba ndani ya maji bado linaniumiza mbavu. Lakini inauliza kama mgeni atapokewa, na jibu tunalijua tangu mlangoni, kwa kuwa hakuna anayelipa kiingilio ili ashuhudie dubu mdogo mwenye adabu akifukuzwa.

Waswahili wana msemo kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Filamu ya kwanza yote imo ndani ya zile siku mbili, na ya pili inaanza alfajiri ya siku ya tatu, wakati mgeni amekwisha kuwa mwenyeji na anakwenda kulitafuta jembe lake mwenyewe. Lucy anakaribia kutimiza miaka 100, na katika duka la vitu vya kale la Bwana Gruber kuna kitabu ambacho kila ukurasa ukifunuliwa hunyanyua jengo la London lililokatwa kwa karatasi. Paddington anamtaka Lucy auone mji alioacha kuuzuru kwa ajili yake. Bei ni kubwa, kwa hiyo anaajiriwa kwa kinyozi, anaharibu kichwa cha mteja kwa mashine ya kunyolea, anafukuzwa, kisha anaanza kusafisha madirisha kwa ndoo, kamba na makalio yake mwenyewe.

Kabla ya mateso hayo kuna dakika chache ambazo kwa maoni yangu ndizo nzuri kuliko zote katika filamu hizi. Paddington anakifungua kile kitabu na kuingia ndani yake akimwongoza Lucy kwa mkono katikati ya London ya karatasi, ambamo watu, njiwa na madaraja hukunjuka na kukunjika kama kurasa. Hakuna mzaha hata mmoja. Mama aliacha kuchagua mchele. Filamu ya kwanza isingethubutu kutulia hivyo, kwa sababu ilikuwa bado inatuomba tumpende dubu.

Mtaa wenyewe ndipo hadithi ilipopata nguvu zake. Asubuhi Paddington hupita akimkumbusha daktari funguo ambazo kila siku huzisahau, humgawia mwanamke wa baiskeli kifungua kinywa, humsaidia mzoa taka anayejiandaa kwa mtihani wa udereva wa teksi. Haya yanapita haraka na kwa kuchekesha, na mtazamaji hadhani kwamba anaonyeshwa jambo la maana. Kisha kitabu kinaibwa, Paddington anamfukuza mwizi, polisi wanamkamata yeye badala ya mwizi, naye anafikishwa mbele ya hakimu ambaye, kwa balaa, ndiye yule mteja wa kinyozi. Dubu anapofungwa, daktari anajifungia nje, mwanamke wa baiskeli anashinda na njaa, na watu wanaanza kununiana. Hakuna anayetamka sababu, na haina haja ya kutamkwa. Filamu ya kwanza ilituambia kwamba mji mkubwa una nafasi ya mgeni, na ya pili inatuonyesha, kwa mizaha mitatu midogo tu, pengo linalobaki mgeni akiondolewa. Mtu yeyote aliyewahi kuhamia mji usio wake anajua ni lipi kati ya hayo mawili lililo gumu kusema bila kuhubiri.

Gerezani ndiko nilikotafsiri kidogo kuliko kwingine, kwa sababu picha zilijieleza. Paddington anawekwa kwenye dobi, soksi moja nyekundu inaingia katika maji, na sare zote za wafungwa zinageuka rangi ya waridi. Mpishi wa gereza, Knuckles McGinty, anaigizwa na Brendan Gleeson, na Mama alipomwona tu akasema, "Huyu ndiye nyapara." Chakula chake ni uji wa kijivu usio na jina, na wafungwa wote wamekwisha kujifunza kunyamaza. Paddington, ambaye hajajifunza, anakwenda kumshauri kwa heshima. Kinachomwokoa ni mkate wenye jamu ya machungwa aliouficha chini ya kofia, ile jamu ambayo kwa asili Waingereza huipika kwa madanzi ili ule uchungu usipotee. Kutoka hapo kila mhalifu anakumbuka kitu alichokuwa akipikiwa na bibi yake, na bwalo linageuka kuwa mkahawa wa keki. Ni upuuzi mtupu, na ninauamini kabisa, kwa sababu Gleeson hakuigiza kana kwamba yumo katika filamu ya watoto. Uso wake unabaki wa mtu hatari hata anapokoroga sukari.

Usiku ambao familia ya Brown haikufika siku ya kutembelewa ndio uliomliza mpwa wangu. Wale wafungwa walikuwa wamemwonya dubu kwamba walio nje husahau, naye hakusadiki. Hapo nilikosa sauti na nikaacha kutafsiri kwa muda.

Sasa adui, kama tulivyokuwa tukimwita kwenye vibanda vya video. Katika filamu ya kwanza Nicole Kidman ni Millicent, mwanamke anayetaka kumkausha Paddington na kumweka katika jumba la makumbusho. Anatisha, lakini ni adui wa kuazimwa, na ungeweza kumhamishia katika filamu nyingine ya wanyama bila kumbadilisha hata viatu. Phoenix Buchanan wa Hugh Grant hawezi kuhamishwa. Ni mwigizaji aliyechuja, anayepata mkate kwa tangazo la chakula cha mbwa huku akiwa amevaa vazi la mbwa, na darini kwake anazungumza na midoli iliyovishwa mavazi ya wahusika aliowahi kuwaigiza. Kuta za nyumba yake zimejaa picha zake za ujanani, ambazo ni picha halisi za Grant alipokuwa kijana, na sijui waigizaji wangapi wa hadhi yake wangekubali kuchekwa namna hiyo. Anautafuta utajiri uliofichwa kwa siri ya kile kitabu ili agharimie onyesho la jukwaani ambamo ataigiza peke yake, kwa kuwa kufanya kazi na wenzake ni jambo lisilomwezekana. Anasimama basi kinyume kabisa cha dubu ambaye hawezi kuvuka mtaa bila kumsaidia mtu. Nikiri kwamba fumbo lenyewe la utajiri ni jepesi, na waandishi hawakuhangaika nalo sana. Sikujali, kwa sababu kila alama inampa Grant sababu ya kujigeuza, na tukio la mtawa ndani ya kanisa kuu la St Paul's lilitulazimisha kurudisha nyuma ili tulione tena.

Jambo jingine ni ustadi wa kulipa madeni. Mwanzoni tunaambiwa kwa mkupuo kwamba Bi. Brown anafanya mazoezi ya kuogelea hadi Ufaransa, kwamba mwanawe anazipenda treni za mvuke ila anaona haya kuwaambia wenzake, kwamba binti ameanzisha gazeti, na kwamba Bwana Brown, aliyenyimwa cheo kazini, ameanza kujinyoosha viungo kama kijana. Yote yanaonekana kama mizaha ya kupita. Katika mbio za treni za mwishoni, dubu na baadhi ya wafungwa wakiwa wamekwisha kutoroka gerezani, kila mmoja wa mikopo hiyo unarudishwa pamoja na faida, hata ile miguu ya Bwana Brown iliyonyooshwa sebuleni inapojikuta kila mmoja juu ya treni yake. Paddington anapozama ndani ya behewa lililofungwa, Bi. Brown anajitosa, na kuogelea kule tulikokucheka kunakuwa jambo la kufa na kupona. Hawezi kuufungua mlango peke yake. Wanaomsaidia ni wale wafungwa wa sare za waridi, ambao wangeweza kwenda zao moja kwa moja.

Wakosoaji waliipenda mno, na mwaka 2021 kulikuwa na majuma machache ambayo katika tovuti ya Rotten Tomatoes, inayojumlisha maoni ya wakosoaji, ilikuwa na asilimia 100, juu ya Citizen Kane, filamu ambayo wengi huihesabu kati ya zilizo bora kuliko zote, iliyoshushwa hadi 99 na makala moja ya mwaka 1941 ya kuikosoa iliyofukuliwa. Ni takwimu ya kufurahisha na haithibitishi chochote. Filamu ya tatu, iliyotoka mwaka 2024 chini ya mwongozaji mwingine, Dougal Wilson, inampeleka dubu Peru. Inapendeza, ila imeuacha mtaa nyuma, nami niliutafuta tangu mwanzo hadi mwisho.

Paddington anaamka kitandani siku ya kuzaliwa kwa Lucy akiwa hana zawadi, kwa kuwa kile kitabu kimebaki kwa polisi kama ushahidi. Majirani wamejaa sebuleni, na mlango unabishwa. Mara ile ya kwanza, stesheni, yeye ndiye aliyekuwa amesimama nje na sanduku lake akingoja mtu amfungulie. Safari hii ni yeye anayeshuka ngazi kwenda kufungua, na mgeni aliyesimama kizingitini ni Lucy. Mpwa wangu aligeuka akaniuliza, "Mjomba, sasa atalala chumba gani?"

Mama akamjibu kabla yangu kwamba atalala kwa mwanawe.