Mafuta ya msafara

Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda, Jumamosi usiku

Kikao cha vijana leo kilikaribia kuvunjika. Aliyetutia moyo tuendelee si kiongozi wa chama chochote, ni dada mmoja anayeuza nyanya.

Mazungumzo yalifika kwenye Agosti 2018, kama nilivyojua yangefika. Kiti cha Manispaa ya Arua kilikuwa wazi baada ya mbunge Ibrahim Abiriga kuuawa kwa risasi Juni. Tarehe 13 Agosti, siku mbili kabla ya kura, Yasin Kawuma, dereva wa Bobi Wine, mwanamuziki na mwanasiasa wa upinzani, alipigwa risasi akafa hapa hapa mjini. Kassiano Wadri, mgombea aliyeungwa mkono na Bobi Wine, alishinda kiti hicho akiwa mahabusu. Mji huu haujawahi kuliongea jambo hilo kwa pamoja; kila steji ya bodaboda ina hadithi yake.

Mzee aliyealikwa akasema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Namheshimu, lakini hapo sikubaliani naye hata kidogo. Kidonda hiki kinafunguka kila msimu wa kampeni, na wanaoumia ni walewale.

Tuliweka kanuni moja: eleza ulichokiona kwa macho yako, uliyoyasikia yaache. Kanuni hiyo ilifanya kazi kuliko hotuba zote. Kijana wa shati la njano, rangi ya chama tawala, alieleza alivyopewa mafuta ya pikipiki na fulana. Wa kofia nyekundu, ya wafuasi wa Bobi Wine, akanyamaza kidogo, kisha akasema naye alijaziwa tangi. Kwa miaka yote kila mmoja aliamini mwenzake ndiye aliyenunuliwa. Walipoanza kurushiana maneno tena, yule dada akasimama: "Kaka zangu, nyanya zangu mlizikanyaga nyote, na hakuna aliyeuliza mpaka leo." Wakakaa.

Tulizungumza Kiswahili, maana kulikuwa na Walugbara, Wakakwa, Waaluri na wakimbizi wa Sudan Kusini, ambao hawapigi kura lakini fujo zikianza nao hukimbia.

Watu husema vijana wana viti vitano Bungeni, inatosha. Haitoshi. Mwaka 2009, baada ya ghasia za Kampala, serikali ilipiga marufuku bimeeza, ile mijadala ya redio iliyofanywa hadharani, mtu yeyote akishika kipaza sauti. Wengi wa kizazi changu wamekua bila kuona mahali pa kumbishia mpinzani wako kisha mkanywa chai pamoja. Tusishangae basi jiwe likija upesi kuliko neno.

Tumekubaliana kwamba steji zetu hazitachukua mafuta ya kwenda kuzuia msafara wa chama kingine. Kuhusu kumwalika mkuu wa polisi, tumegawanyika. Wengine wanaogopa majina yao kuandikwa. Hofu yao naielewa, lakini bila yeye nusu ya kisa cha siku ile haitasimuliwa. Kesho nitawapitia wanaopinga, mmoja mmoja. Wakikubali, nitaandika barua, na kanuni yetu nitaiweka mstari wa kwanza.