Bantam ya Birmingham, Mlima wa Kibosho

Mama alipoona picha alidhani nimeingia kwenye bodaboda. "Baba, huko nako mnabeba abiria?" Nikamweleza kwamba pikipiki ile ni ya mwaka 1951, na kwamba hapa Uingereza chombo kilichovuka miaka arobaini husamehewa kodi ya barabara, na mara nyingi hata ukaguzi wa kila mwaka. Akanisikiliza hadi mwisho. "Sasa kama serikali yenyewe imekisamehe, wewe unakilipia nini?"

Baba mdogo hakuona la kuchekesha. Kwetu Kibosho aliye nje hupimwa kwa nyumba, na yangu imeishia kwenye lenta. Mnajua Desemba inavyokuwa: watu wanapanda mlima na magari, wanakunywa mbege, halafu mmoja anapita kando ya msingi wako, anatikisa kichwa na kusema, "Huyu si ndiye yuko Ulaya?" Sitajitetea. Nitaeleza nilichonunua, kwa sababu naona hata vijana wa nyumbani wanadhani mapenzi ya pikipiki za zamani ni ugonjwa wa wazungu wastaafu, nami nimeambukizwa.

Nilichonunua ni BSA Bantam D1. BSA kilikuwa kiwanda cha bunduki, kilichoanzishwa na mafundi wa bunduki wa Birmingham mwaka 1861, ndiyo maana nembo yake ni bunduki tatu zilizoegemezana. Pikipiki zilikuja baadaye. Bantam ilitoka 1948: cc 125, gia tatu, injini ya kuchanganyiwa oili kwenye petroli. Posta ya hapa iliwapa vijana wake wa kupeleka simu za maandishi, zikiwa zimepakwa rangi nyekundu. Waingereza wanaipenda kama mtoto wao wa kumzaa, lakini mchoro wake ni wa Kijerumani. Ni DKW RT 125, waliyojichukulia kama fidia ya vita. Mafundi wa BSA waliugeuza mchoro kama unavyoonekana kwenye kioo, kusudi gia na kiki zikae mguu wa kulia, walikozoea wao. Warusi nao wakauchukua mchoro huohuo. Harley-Davidson wa Marekani wakauchukua. Na Yamaha ya kwanza kabisa, YA-1 ya mwaka 1955, imetoka humohumo. Kwa hiyo ile Yamaha ya bwana shamba tuliyokuwa tunaikimbilia utotoni, ukiifuata ukoo wake, utakuta ina damu moja na hii ya kwangu.

Babu yangu alikuwa na Bantam. Hapo ndipo habari yote ilipoanzia. Alikuwa karani wa chama cha msingi, mtu wa kupima kahawa na kuandika kwenye daftari, enzi ambazo KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa Kilimanjaro ulioanzishwa 1933, ndiyo ilikuwa kila kitu mkoani. Baada ya vita bei ya kahawa ilipanda, na miaka ya hamsini mwanzoni fedha iliingia vihambani kwa namna ambayo wazee wanaisimulia hadi leo wakifumba macho. Watu waliezeka bati. Walilipa ada. Wachache wakanunua pikipiki, na pikipiki hizo zilitoka Birmingham. Sikuwahi kuiona ya babu ikitembea. Mimi niliikuta imegawanyika: tangi stoo, limejaa kutu, rimu moja kwenye uzio wa ng'ombe, spoku bibi anachomea nyama. Fremu ilikuwa imeshakwenda na watu wa vyuma chakavu.

Ila bibi aliniachia masimulizi. Anasema sauti ilisikika tangu chini darajani, watoto wanatoka mbio, si kwa kushangilia tu bali kwa sababu walijua watahitajika kusukuma. Injini ile ina nguvu za farasi nne na nusu. Nne na nusu, kwenye mlima wa Kibosho, mvua za masika, udongo mwekundu! Bibi alikuwa anapakiwa kwenye tambarare kwa heshima zote, wakifika kwenye mwinuko anashuka, anajifunga kanga vizuri, anatembea, na mara nyingi anatangulia kufika. Babu alikuwa na koti la suti na kofia, hakukubali kuonekana anasukuma, basi watoto walilipwa peremende. Kofia ya tangi ina kikombe chake cha kupimia oili, na bibi alijua kupima kuliko babu, maana babu alikuwa na tabia ya kukisia.

Niliposhika kofia kama hiyo kwa mara ya kwanza ilikuwa Stafford, kwenye onesho la pikipiki za zamani linalofanyika Aprili na Oktoba. Nje kuna gulio la spea, na ni kama soko la mitumba la Kiboriloni, Moshi, tupu: maturubai chini, masanduku ya vyuma vyenye kutu, wazee wamekaa kwenye viti vya kukunja na chupa za chai. Unachakura. Kabureta moja inataka magoti yako yote mawili kwenye nyasi mbichi. Tofauti ni kwamba hapa ukishusha bei sana muuzaji anaona aibu kwa niaba yako. Huko ndiko nilikojifunza kuhusu spana. Nati nyingi za pikipiki hizi ni za vipimo vya zamani vya Kiingereza, spana zetu za namba hazikai: kumi haingii, kumi na moja inacheza. Na namba iliyoandikwa kwenye spana ya Whitworth, yaani ya vipimo hivyo vya zamani, haihusu kichwa cha nati, inahusu unene wa bolti yenyewe. Fundi rafiki yangu wa Majengo, Moshi, nilipomwambia hilo kwa simu alikaa kimya kisha akasema, "Ndiyo maana mzee wangu alikuwa na boksi la spana ambazo hazifungui kitu." Ameshalitoa. Amelipiga picha. Ni seti nzima.

Swali ninaloulizwa kwenye gulio ni moja, na wanaliuliza kwa adabu: imekuwaje mtu wa kwenu akapenda hizi? Kwa fikra zao miaka ya hamsini ni mali ya hapa: makoti ya ngozi, nywele za mafuta, mashine ya kupigia santuri kwa sarafu. Ukienda Ace Cafe, mgahawa wa waendesha pikipiki kule London, kwenye barabara ya North Circular, utayakuta yote. Mgahawa ulifunguliwa 1938, ukapigwa mabomu vitani, ukajengwa upya 1949, ukafungwa 1969, ukafufuliwa 2001. Masimulizi ya pale ni kwamba kijana alitia sarafu, wimbo ukaanza, akatoka mbio na pikipiki hadi mahali walipokubaliana, na alitakiwa arudi kabla wimbo haujaisha. Wazee wa sasa wote wanadai walirudi mapema.

Huwa nawajibu kwamba babu yangu alikuwa mteja wa kiwanda chao. Kahawa yetu ilikuja huku, pikipiki ikaja kule, na mishahara ya Small Heath ililipwa kwa fedha za wateja kama yeye. Wengine wanalipokea hilo vizuri. Wengine wanahamia haraka kwenye hali ya hewa.

Small Heath ndiko kiwanda kilikokuwa. Novemba 1940 ndege za Ujerumani zilikipiga, wafanyakazi 53 wakafa. Miaka ya hamsini mwanzoni BSA ilikuwa inatengeneza pikipiki nyingi kuliko kampuni yoyote duniani, na kufikia 1973 ilikuwa imeanguka. Wajapani walikuwa wamekuja na Honda ambazo zinawaka mara moja na hazivuji oili. Leo kule utasikia zaidi Kisomali na Kiurdu. Mimi naenda kununua ndizi za kupika.

Kitu kinachonikera kwenye mapenzi haya, na nitakisema, ni wale wanaobeba pikipiki kwenye trela kuipeleka kwenye mkutano wa pikipiki. Ya kwangu inanipeleka zamu ya asubuhi ghalani, isipokuwa wakati wa baridi, maana chumvi wanayomwaga barabarani inakula spoku.

Na muziki. Klabu yetu ina jioni za kuvaa kizamani, kila mtu anakuja na santuri zake. Mimi nilipeleka Salum Abdallah na Cuban Marimba, bendi iliyoanzia Morogoro 1948. Mzee mmoja akaja karibu na spika, akauliza kama hao ni Wakuba. Hakukosea sana: santuri za Kikuba za mfululizo ulioitwa GV zilikuwa zimezagaa Afrika tangu miaka ya thelathini, na vijana wetu walizisikiliza mpaka zikachubuka. Wakati Mwingereza wa Birmingham anaiga Mmarekani, Mmorogoro alikuwa anaiga Mkuba na kumzidi. Wenzangu wanaoijua Arusha wanaijua kwa *Hatari!*, ile ya John Wayne iliyopigwa kwetu na kutoka 1962, ambamo nchi inaonekana vizuri sana na wenyeji wanapita pembeni. Nikiwaambia Arusha ileile ilikuwa na watu wa suti na santuri, wanaitikia kama mtu anayesikia habari za sayari nyingine.

Hata hofu ya wazee tulikuwa nayo sawa. Hapa 1964 magazeti yalipiga kelele kuhusu vijana wa pikipiki waliopigana ufukweni Brighton. Kwetu kuanzia Januari 1969 Umoja wa Vijana wa TANU ulikuwa na Operesheni Vijana, kukomesha sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Shangazi yangu alifukia sketi yake shambani kwenye mfuko, chini ya mgomba. Anasema ilioza kabla marufuku haijalegea.

Sasa fundi wa Majengo amepata habari ya Bantam huko Uru. Iko kwenye banda la kuku, fremu na injini pamoja, tangi limo, magurudumu hayamo. Mwenye nayo alikuwa tayari kuiuza kwa kilo, mpaka fundi akafanya kosa la kumwambia kuna mtu Uingereza anaitaka. Bei imefika ya pikipiki mpya ya Boxer. Nimemwambia asijibu kwanza, apige picha ya namba mbili: iliyogongwa kwenye shingo ya fremu na iliyo kwenye injini, pamoja na herufi zinazotangulia tarakimu, kwa sababu hizo ndizo zinazosema ni ya mwaka gani na kama vitu hivyo viwili ni vya kipindi kimoja. Ameahidi Jumamosi, kuku wakishatolewa.