Boksi la Amri za Phu Bai

Mwaka ule mkutano wetu wa wakongwe wa jeshi ulifanyika hotelini Maryland, karibu na Fort Meade, ili tupate kutembelea Makumbusho ya Taifa ya Kriptolojia, yaani elimu ya kutunga na kufumbua maandishi ya siri. Kamati ilikuwa imegawanyika tangu mwanzo. Wengi walitaka chakula kizuri, gofu, na chumba cha kukaa hadi usiku wa manane wakipigiana uongo wa zamani. Sisi wachache tulitaka meza, skana na kinasa sauti. Tukapewa kona ya korido, jirani na mashine ya barafu iliyoporomosha mabonge kwa kishindo kila tulipoanza kurekodi.

Kuhifadhi historia ya watu wa aina yetu kuna kazi. Tulikuwa Army Security Agency, kikosi cha jeshi la Marekani cha kunasa mawasiliano ya redio ya adui, lakini kule Vietnam jina hilo halikutamkwa. Tuliitwa kikosi cha "utafiti wa redio", na kituo chetu cha Phu Bai, kusini mwa Hue, kiliandikwa hivyo hivyo kwenye makaratasi. Hata James T. Davis, aliyeuawa kwa shambulio la kuvizia nje ya Saigon tarehe 22 Desemba 1961, katika kazi ya kutafuta redio za adui zinarushia wapi, alikuwa chini ya jina hilo la kujifichia. Leo mjukuu akichimba kujua babu alifanya nini vitani, faili linamwambia babu alikuwa mtafiti.

Jumamosi asubuhi akaja mzee mmoja niliyemjua kwa sura tu, maana zamu yake ilikuwa ikiingia yetu ikitoka. Kwapani alikuwa na boksi la viatu. Nikamwonyesha kiti cha mbele ya kinasa sauti, akakataa.

"Niliapa, ndugu yangu. Hakuna aliyekuja kuniambia kiapo kimekwisha."

Nikamwambia hatuna haja ya kujua alisikia nini. Anayetaka kuchapisha mambo hayo hupeleka muswada NSA, shirika la Marekani la ujasusi wa mawasiliano, ukasomwe kwanza. Sisi tulitaka habari za walipolala, walichokula, nani alikuwa mchekeshaji wa kibanda. Akatikisa kichwa, akanisukumia boksi.

Lilijaa amri za uhamisho, nakala zilizofifia, kila moja na safu za majina, vyeo na namba. Kwangu mimi karatasi hizo zina thamani kuliko picha. Picha inakuonyesha vijana vifua wazi mbele ya mifuko ya mchanga. Amri inakutajia ni akina nani, waliripoti lini na walipelekwa wapi. Shida ni zile namba. Tangu Julai 1969 jeshi liliacha namba za kijeshi, likatumia namba ya hifadhi ya jamii ya kila askari, ile ile anayofungulia akaunti benki mpaka leo. Ukizipiga skana zilivyo na kuzisambaza, umewakabidhi wenzako kwa wezi. Basi tukakata vipande vya karatasi nyeusi, tukawa tunafunika safu ya namba, ukurasa baada ya ukurasa.

Mzee akavuta kiti akatusaidia, na mikono ilipopata shughuli, mdomo nao ukafunguka. Akasimulia taipureta zetu zenye herufi kubwa tupu, na opereta mmoja wa upande wa pili aliyemtambua kwa mkono wake wa kupiga Morse, ile lugha ya redio ya mlio mfupi na mrefu, hata akibadilisha masafa na jina la kituo. "Akiumwa nilikuwa najua," akasema. Kinasa sauti kilikuwa kimezimwa, nami nikakiacha hivyo hivyo.

Kwenye amri mojawapo nikaona jina la mwenzetu aliyekuwa ukumbini wakati huo huo. Masikio yake yamekufa, na madai yake ya fidia yalikuwa yamekataliwa kwa kuwa hakukuwa na uthibitisho kwamba alishinda na visikilizio masikioni. Hapa sasa palikuwa na cheo chake, kituo chake, na namba ya fani yake, 05H, yaani kunasa Morse. Nikaenda kumwita. Nilimwita mpaka watu wote ukumbini wakageuka isipokuwa yeye.

Walipoonana, kumbe walikuwa zamu moja. Nikamwomba mwenye boksi amwandikie ushahidi. Akaniuliza aandike nini ambacho hakitavunja kiapo. Nikamwambia: kwamba alikaa pale, na kwamba alivaa visikilizio zamu nzima.

"Hilo halina siri," akasema, akaomba kalamu. Aliandika ukurasa mzima kwa mwandiko wa herufi kubwa.

Jioni kamati ilibishana sana kuhusu mji wa mkutano ujao, mabishano ambayo hayana faida kuyarudia. Jambo moja lilipita bila shida: skana itawekwa kwenye mlango wa ukumbi wa chakula, na barua ya mwaliko itamtaka kila mtu aje na amri zake. Watu wa gofu waliunga mkono kwa sharti kwamba saa yao ya kuanza isiguswe.