Kutoka Nain hadi Hebron kwa Pikipiki ya Theluji

Katika mji wa Nain, kaskazini mwa pwani ya Labrador nchini Kanada, barabara huishia pale nyumba zinapoishia, na hakuna gari linaloweza kutoka hapa kwenda mji mwingine wowote. Kiangazi watu na mizigo husafiri kwa meli na mashua, ndege ndogo hutua hali ya hewa inaporuhusu, na bahari inapoganda barafu yenyewe huwa ndiyo barabara kuu. Juu yake hupita pikipiki za theluji, ambazo mbele zina skii mbili za kuongozea na nyuma mkanda mpana wa mpira wenye meno unaozungushwa na injini. Ndugu zangu wa Tanzania wanapoona picha zake hudhani ni chombo cha michezo ya matajiri, na ni kweli kwamba katika sehemu nyingine za nchi hii hutumiwa hivyo. Hapa ndicho kinacholeta kuni za kupashia nyumba joto na samaki wa chakula, na ndicho kinachompeleka mtu kumzika jamaa yake katika kijiji cha pili.

Nimefanya kazi ya uuguzi Labrador kwa miaka kadhaa sasa. Nililelewa Rungwe katika Kanisa la Moravian, na pengine wasomaji wengi hawafahamu kwamba kanisa hilohilo ndilo lililoanzisha Nain mwaka 1771, miaka 120 kabla wamisionari wake hawajafika Rungwe mwaka 1891. Leo Tanzania ndiyo nchi yenye Wamoravian wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, lakini Wainuit, wenyeji wa asili wa pwani hii, walikuwa wakiimba tenzi zetu kwa lugha yao tangu enzi za mababu wa babu zetu. Kwa sababu hiyo nilipokelewa kanisani kama ndugu aliyechelewa kufika. Mama mmoja wa kwaya, aliyezaliwa Hebron, kijiji cha misioni cha pwani hii kilichofungwa zamani, na kuondolewa huko angali mtoto mdogo, aliponiambia kwamba yeye, mumewe, mwanawe na mjukuu wake walikuwa wakijiandaa kwenda Hebron kabla barafu haijaanza kulainika, na kwamba palikuwa na nafasi yangu, sikuhitaji kufikiri mara mbili.

Hebron iko takriban kilomita 200 kaskazini mwa Nain, na njiani hakuna duka, kituo cha mafuta wala mji wenye watu. Maana yake ni kwamba kila lita ya petroli ya kwenda na kurudi hubebwa katika madumu, pamoja na plagi za akiba, mkanda wa akiba wa kuendeshea, msumeno wa injini, hema la turubai na jiko lake la bati, simu ya setilaiti, na bunduki kwa ajili ya dubu weupe. Mzee, yaani mume wa Mama, alikagua kila mtambo kwa mikono yake mwenyewe. Wao huchagua pikipiki zenye mkanda mpana na injini ya kupozwa kwa upepo, kwa sababu zile za kupozwa kwa maji hutegemea theluji inayorushwa na mkanda ili kupoza maji hayo, na kwenye barafu tupu ya bahari theluji hiyo hukosekana na injini ikachemka.

Mizigo yote hupakiwa kwenye sleji ya mbao inayovutwa nyuma, ambayo wenyeji huiita qamutik. Nilikaa kitambo nikimtazama Mzee akiikaza. Ina miguu miwili mirefu na mbao za kukatiza juu yake, na kila ubao umefungwa kwa kamba. Hakuna msumari hata mmoja unaoshika viungo hivyo, kwani sleji iliyopigiliwa misumari ingevunjika kwenye barafu yenye mabonde, ilhali hii hujipinda na kujirudi. Mtepe wa Lamu, uliokuwa ukishonwa kwa kamba za kumbi ili ustahimili mawimbi, ulijengwa kwa akili ileile.

Niseme pia neno kuhusu mtu aliyeanzisha kampuni iliyotuletea mitambo hii, kwa sababu habari yake humgusa kila mfanyakazi wa afya wa nchi za theluji. Joseph-Armand Bombardier alikuwa fundi katika mji mdogo wa Valcourt, mkoani Quebec. Mwaka 1934 mwanawe mdogo alifariki kwa sababu njia za kwenda hospitali zilikuwa zimefunikwa na theluji. Bombardier alikuwa tayari akijaribu kuunda gari la kupita juu ya theluji, akaendelea na kazi hiyo. Mwaka 1937 alipata hataza ya mfumo wake wa mkanda, na mwaka 1959 kampuni yake ikaanza kuuza pikipiki ndogo ya theluji iitwayo Ski-Doo. Naomba msomaji auweke mwaka huo akilini.

Tuliondoka alfajiri, kukiwa na baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri. Nilikuwa nikiendesha pikipiki yangu katikati ya msafara, Mzee akiwa mbele na mwanawe akifunga mkia na sleji nzito zaidi. Mtu asiyezoea huona bahari iliyoganda kuwa uwanja mmoja mweupe, lakini Mzee aliisoma kama mchoraji wa ramani. Kuna mahali kati ya visiwa ambapo mkondo wa maji hupita kwa nguvu chini, na barafu ya hapo hubaki nyembamba hata katikati ya majira ya baridi. Mahali hapo huzungukwa kwa nchi kavu hata kama njia hiyo inaongeza saa nzima. Ufukweni nako maji yanapojaa na kupwa huivunja barafu vipandevipande, na wakati wa bamvua kupanda kutoka baharini kuingia nchi kavu ni kazi ya kusukuma na kuvuta kwa pamoja. Ujuzi huu sasa una msaidizi: mradi wa SmartICE, ambao Nain ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza kuutumia, huwapa wenyeji kifaa kinachokokotwa na pikipiki na kupima unene wa barafu njiani. Mzee hutazama vipimo hivyo kabla ya kuondoka, kisha bado hushuka na kuichoma barafu kwa mti wenye ncha ya chuma mahali asipopaamini.

Tuliiacha bahari na kupanda milima ya Kiglapait, ambayo huinuka ghafla kutoka pwani na kuziba njia ya kaskazini. Hapa ndipo safari ilipokuwa ngumu kweli. Upepo umeipiga theluji mpaka ikawa migongo migumu yenye makali, na mtambo huruka kutoka mgongo mmoja hadi mwingine kiasi kwamba mikono hufa ganzi kwa kushika usukani. Kwenye miteremko yenye theluji nyingi juu yetu tulipita mmoja mmoja, wengine wakisubiri na kutazama, ili maporomoko yakitokea wabaki watu wa kuokoa. Kushuka upande wa pili kulinipa hofu zaidi kuliko kupanda, kwa kuwa sleji yenye mzigo hutaka kuipita pikipiki inayoivuta. Mwana wa Mzee alifunga mnyororo mzito chini ya miguu ya sleji ili ukwaruze theluji na kuizuia, akashuka taratibu sana, mjukuu akiwa amesimama nyuma ya sleji kuiongoza kwa uzito wa mwili wake.

Tulipumzika mara kwa mara, tukachemsha chai na kula pitsik, samaki mkavu wa huku. Kila tuliposimama, kila mtu alitazama uso wa mwenzake kutafuta doa jeupe kwenye pua au shavu, kwani mwenye jeraha la baridi huwa wa mwisho kujua. Ni desturi ambayo ningependa kila mgeni aijue kabla ya majira yake ya kwanza ya baridi, kwa sababu majeraha mengi ya baridi ninayoyahudumia yangezuilika kwa jicho la mwenzi.

Upande wa pili wa milima iko ghuba ya Okak. Zamani palikuwa na kituo cha misioni, hospitali na kijiji kikubwa. Novemba 1918 meli ya misioni iitwayo Harmony ilileta homa ya mafua iliyokuwa ikiua watu duniani kote, na kati ya watu 263 wa Okak walikufa 204. Hakubaki mwanamume mtu mzima hata mmoja. Waliosalia, wanawake na watoto, walikihama kijiji. Mzee alizima injini, nasi tukazima zetu, na Mama akaomba kwa Kiinuktitut, lugha ya Wainuit. Kwa mtu wa kazi yangu, ambaye huwaambia watu kila mwaka waje wachanjwe, mahali hapo hapahitaji maelezo.

Dhoruba ilitushika kaskazini mwa hapo. Hatukuweza kuona skii za pikipiki zetu wenyewe, Mzee akaamuru hema lipigwe mara moja, na tukakaa humo mpaka upepo ulipoamua kuondoka. Nilijifunza wakati huo kwamba uwezo mkubwa wa msafiri wa huku ni kukubali kusubiri: mafuta na chakula hupangwa tangu mwanzo kwa hesabu ya siku za kukaa bure. Jioni Mama alisoma andiko la siku katika Biblia yake, nami nikalisoma lilelile kwa Kiswahili, kwa kuwa Wamoravian duniani kote husoma andiko moja kila siku, katika kitabu ambacho kimechapishwa kila mwaka tangu 1731.

Katika ghuba ya Napartok tulikata kuni na kujaza sleji, kwa sababu hapo ndipo misitu ya pwani hii inapokoma. Hebron haina miti. Watu wake walikuwa wakizifuata kuni hizo kwa sleji za mbwa, na uhaba wa kuni ulikuwa mojawapo ya sababu zilizotolewa pale ilipoamuliwa waondolewe.

Hebron yenyewe ni jengo moja refu la mbao lililo chini ya milima, likitazama bahari. Misioni ilianzishwa mwaka 1830, na mbao za jengo zililetwa kwa meli kutoka Ujerumani zikiwa zimekwisha kukatwa. Kutoka hapa aliondoka Abraham Ulrikab, Mkristo msomi na mpiga fidla, ambaye mwaka 1880 alikubali kwenda Ulaya na familia yake kuonyeshwa katika bustani za wanyama, akitumaini kulipa madeni. Hawakuwa wamechanjwa dhidi ya ndui. Wainuit wote wanane wa msafara ule walikufa ndani ya miezi michache, Abraham mwenyewe akifia Paris Januari 1881, na mifupa yake ikatambuliwa zaidi ya karne baadaye katika jumba la makumbusho la mji huo. Aliandika shajara kwa lugha yake, na ndiyo maana tunajua alivyoumia. Nimeishi ughaibuni vya kutosha kutambua thamani ya mtu anayeandika habari zake mwenyewe akiwa mbali na kwao.

Mwaka 1959 watu wa Hebron waliambiwa kwamba kijiji kitafungwa. Tangazo lilitolewa ndani ya kanisa, mahali ambapo kwa desturi yao hakuna aliyethubutu kusimama na kubishana. Walitawanywa Nain, Hopedale na Makkovik, na wengi walikuta nyumba walizoahidiwa hazijajengwa. Serikali ya jimbo iliomba radhi mwaka 2005, na mwaka 2009 kumbukumbu iliwekwa Hebron yenye maneno ya radhi hiyo. Kati ya hoja za kukifunga kijiji ilikuwemo ile ya umbali, na hapo ndipo mwaka niliomba ukumbukwe unapoingia: mwaka uleule ambao watu hawa waliondolewa kwa sababu wako mbali mno, mtambo wa kuukata umbali huo ulianza kuuzwa upande wa pili wa Quebec. Sidai kwamba pikipiki ingeokoa kijiji, kwa maana uamuzi ule ulifanywa na watu ambao hawakuwauliza wenye kijiji. Nasema tu kwamba umbali haukuwa sababu ya kutosha, na kila msafara wa familia unaofika Hebron siku hizi unalithibitisha hilo.

Mama alimchukua mjukuu wake wakapita kati ya alama za nyumba zilizofunikwa na theluji, akimwonyesha kwa mkono nani aliishi wapi, jina baada ya jina, na kijana akiyarudia. Baadaye walitoboa barafu ya ziwa, wakavua, tukala.

Waliozaliwa Hebron na wanaoikumbuka kwa macho yao sasa ni wazee, na barafu haingojei tena tarehe zake za zamani. Majira mengine bahari huchelewa kuganda na njia za milimani hupata mvua badala ya theluji. Kwa hiyo mwanawe Mama hakusubiri. Septemba iliyopita alikwenda Okak kwa mashua na kuacha huko madumu ya petroli, yakiwa yamefungwa vizuri na kuwekwa mbali na maji, ili msafara ujao uondoke Nain na sleji nyepesi mara tu Mzee atakapoipima barafu na kuridhika nayo.