Bibi harusi mwenye vichwa viwili, na braketi tatu za flashi

Mama wa bibi harusi aliishika picha, akaisogeza mbali na uso kama wanavyofanya watu waliosahau miwani nyumbani, akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, na huyu mwingine nyuma ya binti yangu ni nani?"

Hakuwa mtu, kilikuwa kivuli. Ukumbi ulikuwa Sinza, pazia jeupe nyuma ya meza kuu, bibi harusi kasimama hatua moja tu mbele ya pazia. Mimi nimeigeuza kamera isimame wima ili nimchukue mzima, kwa hiyo flashi iliyokuwa juu ya lenzi sasa iko ubavuni, kushoto. Kivuli kikatua upande wa kulia wa picha, cheusi tii, na taji lake na hereni zake. Nilikuwa na picha thelathini na kitu za namna hiyo. Nilicheka pale mbele yake, lakini nyumbani sikucheka.

Kwa msionijua: napiga picha za shughuli, na hasa shughuli za kina mama. Kicheni pati, singo, sendofu, na zile harusi ambazo upande wa wanawake mwanamume hakanyagi, hata awe mpiga picha hodari namna gani. Riziki yangu iko humo. Na shughuli za kina mama zina sheria yake: picha ni za kusimama. Mtu kashona, kapiga kilemba, kanunua kiatu cha siku hiyo hiyo, anataka vyote vionekane. Ukimkata miguu, umemkosea yeye na fundi wake wa cherehani. Kwa hiyo usiku mzima kamera yangu imesimama, na flashi imening'inia pembeni kama sikio.

Wenzangu huniambia, dundisha mwanga darini. Nadundisha sana, dari likiniruhusu. Nikikuta dari jeupe la mita tatu hivi, nageuza kichwa cha flashi juu na sina shida na mtu. Lakini nani ana dari jeupe siku ya harusi? Mpambaji kashavuta vitambaa vya zambarau kutoka kona hadi kona, mwanga unapanda mweupe unashuka wa zambarau, na shela la milioni na nusu linaonekana limefuliwa na khanga mpya. Kumbi nyingine zimepakwa dari jeusi. Na singo huwa uani, chini ya turubai la bluu. Jaribu kudundisha flashi kwenye turubai la bluu halafu uwaoneshe kina mama nyuso zao. Utaulizwa kama walikuwa wanaumwa.

Ndiyo nikaanza kutafuta braketi. Ni kipande cha chuma au aluminiamu kinachofungwa chini ya kamera, kina mkono unaoinua flashi juu ya lenzi, shubiri moja au zaidi. Ukisimamisha kamera, flashi inabaki juu. Kivuli hakifutiki, ila kinashukia nyuma ya mgongo wa mtu, lenzi isikokiona. Macho mekundu nayo hupungua, kwa sababu ule wekundu ni mwanga unaoingia kwenye mboni, ukagonga nyuma ya jicho palipojaa damu, ukarudi njia uliyojia. Flashi ikikaa mbali kidogo na lenzi, unaporudi haukuti kamera.

Nisichokijua wakati ule, na muuzaji hakukisema, ni kwamba braketi hailainishi mwanga hata kidogo. Ulaini unatokana na ukubwa wa chanzo cha mwanga ukilinganisha na umbali wa mtu, na flashi yangu ni ileile ndogo, iwe juu ya kamera au juu ya mnazi. Paji la uso lenye jasho linang'aa vilevile. Dawa ya jasho ni tishu na poda, navyo viko mfukoni mwangu daima.

Braketi ya kwanza niliipata Kariakoo, mtumba, shilingi 35,000. Umbo la herufi L: bapa linapita chini ya kamera, halafu mpini unasimama upande wa kushoto, flashi juu ya mpini. Inapendeza mkononi, unaonekana mpiga picha wa magazeti ya zamani. Nikaenda nayo kwenye kicheni pati Tabata. Picha za kulala zikatoka safi kiasi. Kisha nikasimamisha kamera nilivyozoea, mkono wa kulia juu, na sikufikiri kwamba kilichokuwa kushoto sasa kimekwenda chini. Flashi ikawa inammulika bibi harusi mtarajiwa kutokea kifuani kwenda kidevuni. Mnajua watoto wanavyojiwekea tochi chini ya kidevu umeme ukikatika ili watishe wenzao? Ndiye yeye, na somo yake pembeni. Ukitumia braketi ya aina hii lazima ugeuze kamera upande wa pili, mkono wa kulia uwe chini. Inawezekana, watu wanafanya. Mimi miaka saba ya mkono juu haikukubali kufutika, na katikati ya vigelegele huna nafasi ya kukumbuka mkono upi.

Ya pili nilijitia ujanja nikaichora mwenyewe kwenye karatasi, nikampelekea fundi Gerezani. Fundi hodari kweli. Alikata aluminiamu, akakunja, akaweka bawaba ili mkono wa flashi ulale na kusimama. Tulikosea kitu kimoja kidogo: bolti ya kukaza kamera. Tundu lililo chini ya kamera ni la robo inchi, milimita 6.35, meno 20 kwa inchi. Bolti iliyojaa madukani kwetu ni ile ya spana namba 10, unene milimita 6, meno yake yamebanana zaidi. Kwa macho ni ndugu. Iliingia mizunguko miwili, ikagoma, fundi akasema, "Imekaza hiyo dada, hata ukiitupa haichomoki."

Haikutupwa. Ilichomoka yenyewe wakati bibi harusi anaingia ukumbini, MC anapiga kelele, mimi narudi kinyumenyume. Nilisikia mkono umekuwa mwepesi ghafla. Braketi imebaki mkononi, flashi iko kwenye braketi, na kamera inaning'inia shingoni mwangu kwa mkanda. Mkanda ule naupenda kuliko ndugu zangu wengine. Tundu la kamera lilikwanguka meno ya mwanzo, na mpaka leo nikifunga stendi lazima nitafute pembe yake. Bolti sahihi nilikuja kuitoa kwenye stendi mbovu ya kamera, bure, stendi ambayo ilikuwa uvunguni mwa kitanda changu muda wote.

Ya tatu ndiyo ninayotumia. Ni ya aina ya Stroboframe Quick Flip, mtumba pia, niliuziwa na mzee aliyeacha kazi, kwa 85,000. Braketi yenyewe inageuka pamoja na kamera, lakini juu kuna mkono wa flashi unaousukuma kwa kidole, unapinduka robo mzunguko, flashi inarudi juu ya lenzi. Kuna nyingine za bei kubwa ambazo flashi haisogei kabisa, kamera ndiyo inayozunguka ndani ya fremu. Niliwahi kuazimwa moja usiku mmoja. Ni tamu kwelikweli, hufikirii chochote, lakini saa nne za usiku bega lilikuwa linaniita jina.

Uzito ni jambo ambalo dukani hulioni, maana dukani unaishika dakika mbili. Yangu niliipeleka kwa Mangi wa mtaani, tukaiweka kwenye mizani ya mchele ikiwa kamili: kamera, lenzi, flashi na betri zake, braketi. Kilo mbili na robo. Mangi akaniuliza nawauzia nani. Kilo mbili na robo kwa saa sita ni kazi, na mimi si mtu mkubwa, kwa hiyo braketi yoyote inayoongeza zaidi ya nusu kilo siiangalii tena.

Ukienda kununua, nenda na kamera yako. Usikubali kuambiwa inaingia kamera zote. Ifunge, halafu jaribu kufungua mlango wa betri. Zangu mbili za kwanza ziliuziba, maana yake betri ikiisha katikati ya kukata keki unaanza kufungua bolti watu wanakutazama. Kisha sukuma ule mkono wa kupindua bila kuondoa jicho kwenye kamera. Kama lazima uushike kwa mkono mzima, achana nayo. Kama mkono huo wa flashi unatikisika ukiwa umesimama, achana nayo pia, kwa sababu flashi ni nzito kuliko inavyoonekana na ikianza kuinama itaendelea kuinama mpaka asubuhi.

Na kumbuka waya. Flashi ikishaondoka juu ya kamera inahitaji kuunganishwa nayo. Kwa Canon yangu natumia OC-E3, waya wa kujisokota; wa Nikon wana SC-28 yao. Vijana wananicheka, wao wanaweka kitumaji cha Godox juu ya kamera na flashi inapokea hewani. Ni kizuri, ila nacho kina betri zake, kwa hiyo ni kitu kimoja zaidi kinachoweza kuzimika mtoa mahari anaponyanyua bahasha. Waya hauna betri. Unanasa bangili za watu, hilo nakubali. Mwezi uliopita nilimvuta shangazi wa bwana harusi hatua mbili kabla sijajua.

Kilichobaki kunikera ni begi. Braketi ikishafungwa kwenye kamera, haiingii kwenye begi lolote la kamera nililonalo, na kuifunga upya ukumbini kunachukua muda ambao huwa sina, kwa sababu bodaboda hufika kwa wakati wao. Kwa sasa naizungushia khanga mbili, naitia kwenye kapu la sokoni, napakata. Jumamosi iliyopita mlinzi wa ukumbi alinizuia getini, akaniambia wapishi wanapitia mlango wa nyuma.