Mwaka mmoja wa kumtoa mtu jela

Binamu yangu kaniuliza wasap juzi, kuna kijana wa mtaani kwao alienda Marekani akafungwa huko, rufaa imegonga mwamba na hela ya wakili imeisha, eti si aandike tu barua kwa jaji mwenyewe? Nikaanza kumjibu kwa voisi, ikafika dakika nane, nikaona bora niandike huku.

Kuandika anaweza. Inaitwa hebiasi kopasi, unamuomba jaji wa shirikisho, yani wa serikali kuu ya Marekani sio wa jimbo, amuite anayekushikilia aeleze anakushikilia kwa sheria gani. Ada dola 5 tu, fomu ipo. Wakili ndio hakuna, ile haki ya kupewa wa bure inaishia kwenye rufaa ya kwanza, huku mbele kama huna hukumu ya kifo usitegemee, ni wewe na maktaba ya gereza, na wakifungiwa wote seli wiki mbili basi hata maktaba yenyewe huioni.

Sasa kinachoua kesi nyingi ni saa. 1996 Clinton alisaini sheria inayokupa mwaka mmoja tangu hukumu ya jimbo iwe ya mwisho. Utasema mwaka mzima si mwingi? Ila kabla ya kwenda shirikisho kila hoja lazima iwe imepita kwanza mahakama za jimbo, ukifungua maombi ya jimbo kwa utaratibu sahihi saa inasimama, ukikosea utaratibu saa inatembea na wewe umelala unajua umeshapeleka. Na maombi ya shirikisho yenyewe hayaisimamishi, Mahakama ya Juu ilisema hivyo 2001! Yani mtu kapeleka mapema, jaji kakaa nayo miezi na miezi, halafu anamwambia hoja yako moja haijapita jimboni, rudi, akigeuka mwaka umeisha. Kuna kumuomba jaji aiweke kiporo badala ya kuitupa, sawa, lakini nani atakwambia uombe? 2004 mahakama hiyo hiyo ilisema jaji hana wajibu wa kumuonya asiye na wakili.

Kesi ya Bowles, mfungwa wa jimbo la Ohio, ndio ilinichosha kabisa. Maombi yake yalikataliwa, jaji akamwongezea siku 17 za kukata rufaa, kwa maandishi. Sheria inaruhusu 14. Yeye akapeleka siku ya 16, yani amewahi kwa hesabu ya jaji, na 2007 Mahakama ya Juu ikasema umechelewa, majaji 5 kwa 4. Kosa la jaji, anayelipa mfungwa. Mi nikisoma hapo huwa nafunga kompyuta kwanza.

Basi nimemwambia binamu waache kwanza habari za hana hatia, hiyo itakuja, watafute tarehe ambayo rufaa ilifungwa rasmi na wahesabu kuanzia hapo. Na huyo kijana asisubiri wiki ya mwisho kwa kuogopa posta, tangu 1988 kwa mfungwa asiye na wakili siku inayohesabiwa ni ile aliyomkabidhi askari wa gereza bahasha, sio ilipofika mahakamani, ila awe na cha kuonyesha, aandike tarehe kwa mkono wake, abaki na nakala. Binamu kanijibu kwamba hiyo tarehe hata mama wa huyo kijana haijui. Ndio tunaitafuta sasa hivi.